Mwalimu wa Katikati ya Kifua

Mtu aliyetufundisha kubisha hodi kwenye kifua cha mgonjwa hakutaka mtu yeyote abishe kwenye kifua chake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniudhi mpaka leo. Miezi mingi sauti yake ilikuwa inakufa masikioni mwetu, sisi wauguzi wa Kalemie aliotufundisha mwenyewe, na sisi tukampelekea tangawizi. Tangawizi, ndugu zangu! Mtu aliyetuambia mara elfu kwamba sauti ikipotea usitazame koo tu.

Tulimwita Papa Mwalimu, na mji mzima ulimwita hivyo hivyo. Alifundisha anatomia katika shule yetu ndogo ya wauguzi. Mkono na mguu alivimaliza haraka, tumbo aliliita soko, na kichwa alisema kina watu wengi wa kukisifu. Lakini alipofika katikati ya kifua, mwendo ulipungua. Alifuta ubao wote, hata mahali palipokuwa safi, akaandika neno moja la Kifaransa, médiastin, kisha akageuka.

"Wazungu wanapaita vile. Miye naita pa katikati. Huku pafu, huku pafu. Mbele mufupa wa kifua, nyuma uti wa mugongo, chini kiwambo. Pale panapobaki, njo bakubwa bote banaishi: moyo na mufuko wake, aorta, bomba ya hewa, bomba ya chakula, na zile neva nyembamba zenye mutasahau siku ya mutihani."

Kabla ya hapo lakini kulikuwa na hodi. Alikunja kidole, akajigonga katikati ya kifua, juu ya tai, ko-ko, akasema, "Hodi!" Darasa lilipaswa kujibu, "Karibu!" Tukijibu kwa uvivu alitoka nje, akasimama barazani mpaka tuone haya, akarudi kugonga upya. Wanafunzi wapya walicheka sana. Aliwaacha wacheke, halafu akawaambia, "Muntu anakuachia kifua chake. Kifua si mulango wa duka. Kama hajakukaribisha, hata ukiweka mukono, hujaingia."

Hakuwa anasema maneno ya darasani tu. Kwenye vitanda vya wagonjwa alifanya hivyo hivyo, na akatulazimisha tufanye. Unasimama, unasema hodi, unangoja karibu, ndipo unagusa. Nimeona mama mmoja mgonjwa akijibu "karibu" huku machozi yanamtoka, kwa sababu tangu aanze kuugua hakuna aliyemwomba ruhusa ya kitu chochote. Mpaka leo katika wodi yangu ninasema hodi, na vijana wa staji, wanaokuja kujifunza kazi, wananitazama kwa mashaka.

Tai, sasa. Sijawahi kumwona bila tai. Lile joto la kabla ya mvua, wakati hata mbuzi wa mtaa wa Lukuga wanatafuta kivuli cha ukuta, yeye koti, tai, shati limefungwa mpaka kidevuni. Tulisema Papa Mwalimu analala na tai na Mama Mwalimu, mkewe, anamfunga upya asubuhi. Wavulana wa darasa letu aliwavua mashati, akawasimamisha mbele, akachora moyo kwa chaki kwenye ngozi zao, akaonyesha mahali pa kusikiliza. Yeye mwenyewe tulikuwa hatujui kama ana mfupa wa bega. Hilo tulilichukulia mzaha. Ingekuwa heri tungelichukulia kwa uzito mapema.

Kila mwaka siku ya somo hilo alikwenda mwenyewe sokoni kwa mchinjaji wa mbuzi. Mwaka wetu nilimsindikiza kubeba beseni. Wachinjaji wetu, mnawajua, mbuzi akifunguliwa tu, moyo umekwenda kwa huyu, mapafu yamekwenda kwa yule, koo limekwenda kwa mbwa.

"Leo usitenganishe," Papa Mwalimu akasema. "Unitolee yote pamoja, toka ulimi mpaka kiwambo."

Mchinjaji akaacha kisu. Akatazama huku na huku, akasogea. "Ya dawa, Papa?"

"Ya masomo."

"Aka! Masomo ya nini inaomba mbuzi na ulimi wake?"

"Masomo ya kukuponyesha weye ukianza kukohoa. Kata polepole."

Tukarudi na beseni limefunikwa kitenge, yeye mbele na tai yake, mimi nyuma, na watu wanatupisha njia kana kwamba tumebeba msiba. Jioni ile mjini ilisemwa kwamba Papa Mwalimu ana jini lake, linakula vifua.

Darasani alilaza ile nyama juu ya meza, akatupa kila mmoja njiti ya kibiriti. Kazi yetu ilikuwa kutafuta neva moja ya upande wa kushoto, uzi mweupe mwembamba. Neva hiyo inatoka juu kwenda kuliongoza koo liseme, lakini haiendi moja kwa moja. Inashuka kwanza mpaka kifuani, inazunguka chini ya aorta pale inapopinda, ndipo inapanda tena kwenye koo. "Ni muntu anatoka Lukuga kwenda sokoni," alisema, "lakini anapitia kwanza Kabalo, mbali kule kwa treni. Sasa, Kabalo kukiharibika reli, sokoni watu watashangaa kwa nini hajafika. Munasikia? Sauti imepotea, munganga anamulika koo na tochi, koo ni zima. Hakuna mwenye kushuka Kabalo."

Ole wako ukikata ule uzi na njiti yako. "Muuaji wa sauti!" alipiga kelele kwa ile sauti yake nene. "Toka inje!" Siku ile nusu ya darasa walikuwa nje, wauaji wote, wanacheka chini ya paa la jikoni. Mimi niliupata mzima. Nikajisikia malkia. Akaja, akainama, akautazama, akasema, "Usijivune. Mbuzi hakukusumbua."

Somo likiisha hakuturuhusu kugusa nyama ile kwa kula. Alisema huyu leo alikuwa mwalimu, na mwalimu haliwi. Tukamwamini, tukaona ni heshima kubwa. Basi jioni nikapita karibu na kwake, nikanusa supu ya mbuzi, supu ya haki kabisa, na tangawizi ndani. Kesho yake nikamwuliza. Hakupepesa jicho. "Ya kufundisha ilikwisha. Ilibaki mbuzi."

Ndivyo alivyokuwa, kauli mbili na uso mmoja. Chukua habari ya moyo. Hakuna kilichomchukiza kama namna tunavyosema moyo. "Moyo unaniuma, moyo umekataa, moyo mweupe, moyo wa jiwe! Moyo ni nyama yenye kazi. Hauna nafasi ya kukupenda, una damu ya kusukuma." Ukimwandikia kwenye mtihani neno moyo bila kusema chumba gani, alama zimekwenda. Lakini alipomzika mama yake kule Zongwe, tulikwenda wachache kumpa pole. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, tai shingoni, vumbi kwenye viatu. Akatutazama mmoja mmoja, akaweka kiganja kifuani, akasema, "Batoto, moyo unaniuma." Hakuna aliyecheka. Mmoja wetu tu, mpumbavu, alininong'oneza, "Chumba gani?" nikamfinya mpaka akanyamaza.

Alikuwa na msemo mwingine ambao nimeuona ukitimia mara nyingi hospitalini: kifua hakina siri, kina majirani. Maana yake pale pa katikati ni padogo, wakubwa wamebanana, na mmoja akivimba hasemi yeye, anasema jirani. Mgonjwa analalamika kumeza, kumbe si bomba la chakula. Uso unavimba asubuhi, kumbe si uso. "Mugonjwa anaonyesha mahali anasikia maumivu," alisema. "Haonyeshi mahali pa ugonjwa. Hapajui. Ile ni kazi yako."

Na ukweli. Hapo ndipo aliponitisha na ndipo nilipompenda. Wakati wa staji yangu alikuja wodini akamkuta mvuvi mmoja, mtu mkubwa, mishipa ya shingo imesimama, uso umejaa. Ndugu zake walimvuta Papa Mwalimu pembeni. Wakamwomba asimwambie mzee wao, maneno mazito yatamwua mapema. Akawasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote. Kisha akarudi kitandani, akasema hodi, akakaribishwa, akakaa.

"Papa," akamwambia, "kifua chako kinajua tayari. Ni weye tu hujaambiwa." Akamweleza yote.

Mvuvi hakufa siku ile. Alirudi kwake, akaita wanawe, akagawa nyavu zake kwa mkono wake, akapatana na mdogo wake waliyekuwa hawasalimiani. Kwenye mazishi ndugu wale wale walikuja kumshika Papa Mwalimu mkono. Aliturudia darasani na neno moja: "Kuficha muntu kifua chake mwenyewe ni wizi."

Wizi. Nililiweka neno hilo. Nilikuja kulihitaji.

Alikuwa anaimba besi katika korali ya kanisa. Si sauti ya kubembeleza. Ilikuwa sauti ya kubeba wengine, ukisimama benchi ya mbele unaisikia kwenye nyayo. Jumapili moja, katikati ya wimbo, ikakatika. Akaendelea kufungua mdomo, lakini kilichotoka kilikuwa hewa yenye mikwaruzo. Tulisema ni vumbi la kiangazi. Mvua ikaja, vumbi likalala, sauti haikurudi.

Hapo mji ukaanza. Korali walileta asali. Mama mmoja wa soprano alileta mayai mabichi na ndimu. Wauguzi, wanafunzi wake, watu wenye bluzi nyeupe za hospitali, tulileta vidonge na tangawizi, tangawizi ya kutosha kufungua duka. Daktari alimulika koo na tochi, akasema lina mwasho kidogo. Wazee wa kanisa walimwekea mikono, wote kwenye koo. Wengine walinong'ona kwamba kuna mtu wa besi mwenye wivu amekula sauti yake. Yeye alipokea kila kitu, akashukuru kwa kuinamisha kichwa, koti limefungwa.

Halafu akaanza kukohoa. Kikohozi chake hakikuwa na kishindo. Cha mtu mwenye afya kinagonga, kinafunga na kufungua. Chake kilimwagika tu. Na kile kikohozi alikuwa ametufundisha! Aliwahi hata kukiigiza ubaoni, tukacheka.

Nilimwambia mwenzangu wa wodi, "Unakisikia?"

"Ninakisikia."

"Basi?"

"Basi nini? Weye njo utamwambia Papa Mwalimu avue shati?"

Hapo ndipo palipokuwa na fundo. Kwetu huku mtoto hamwambii baba yake afungue kifua. Baba akishindwa kabisa, ataomba mwenyewe. Na mwalimu ni baba mara mbili. Nusu ya wauguzi wa mji huu walijua njia ya ile neva kuliko njia ya kwenda kwao, na kila mmoja aliishia kwenye koo kwa sababu koo ndilo lililokuwa juu ya tai.

Nilijaribu, mnisikilize. Nilimngoja mlangoni mwa kanisa. "Papa Mwalimu, pita kesho hospitali tukuangalie."

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Jiangalie weye kwanza," akasema kwa ule mnong'ono. "Umekonda. Hawakupi samaki?" Watu wakacheka, na yeye akapata njia ya kuondoka. Nilirudi nyumbani nimekasirika mpaka nikaunguza ndakala, dagaa wetu, kwenye sufuria.

Kisha Mama Mwalimu akaja wodini. Ni mwanamke asiyekuja hospitali bila sababu. Alisimama mlangoni, kanga imekazwa kiunoni.

"Jana tonge ya bukari ilimukwama," akasema. "Nilimupiga mugongo mpaka mukono wangu ukalegea. Mwanangu, miye naogopa. Njoo kwetu. Usiseme nimekuita."

Nilikwenda alasiri ile ile, nilipomaliza kazi. Ziwa lilikuwa la kijivu, upepo unatoka upande wa Moba. Nilimkuta barazani, amekaa wima kwenye kiti, koti, tai, mikono magotini. Kiti kilikuwa na mito mgongoni, nikaelewa kwamba sasa analala amekaa.

"Umetumwa," akasema. Nilisogea ili nimsikie.

"Ndiyo, Papa."

"Na Mama."

"Na weye mwenyewe. Miaka yote ile na beseni lako la mbuzi, ulifikiri unamtuma nani?"

Alitazama ziwa. Niliona mishipa ya shingo juu ya kola, imejaa. Hasira ndiyo iliyonishika nisikimbie.

"Najua kilicho ndani," akasema. "Tangu siku ile ya korali najua. Lakini muntu akikigusa, kitapata jina. Na Mama atalisikia jina."

"Muvuvi ulimwambia."

"Muvuvi alikuwa muvuvi. Miye ni miye."

"Ulisema ni wizi, Papa."

Akafumba macho. Nikadhani nimevuka mpaka, atanifukuza kama muuaji wa sauti. Badala yake mabega yakaanza kutikisika, na ilichukua muda kujua kwamba anacheka, kicheko kisicho na sauti hata kidogo. "Nilikuwa nangoja," akasema. "Naogopa, na nangoja. Nikasema, kama nilifundisha vizuri, mumoja atakuja kubisha. Kila siku mulango unalia, nafungua, ni tangawizi."

Hapo nililia. Sioni haya kusema. Nilifuta uso na kanga, nikasimama mbele ya kiti chake, nikakunja kidole, nikajigonga kifuani mwangu kama yeye alivyokuwa akifanya.

"Hodi."

Kisha mkono wake ukapanda, ukashika fundo la tai, ukalilegeza. Akafungua kifungo cha kwanza, cha pili, mpaka chini. Alikuwa amekonda kuliko nilivyofikiri.

"Karibu," akasema, na ilikuwa pumzi tupu.

Nilishika mapigo ya mikono yote miwili. Wa kulia ulipiga, wa kushoto ulikuwa hafifu. Nikamwomba ainue kidevu. Nikashika bomba la hewa pale chini ya shingo, taratibu, kwa vidole viwili, nikangoja. Lilivutwa. Moyo ulipiga, likavutwa chini. Ukapiga, likavutwa tena. Alitufundisha dalili hiyo akisema ni ya zamani, huenda tusiione kamwe, lakini mkono uijue. Mkono wangu uliijua.

Nilimfunga shati mimi mwenyewe, kifungo kwa kifungo, ili nisimtazame.

"Sema," akasema.

Wallahi nilitafuta uongo, mdogo tu, wa kumpa usingizi wa usiku mmoja.

"Kifua changu kinajua tayari," akanikumbusha. "Sema."

"Aorta imevimba pale inapopinda, Papa. Imelala juu ya neva, ndiyo sauti. Inalibana bomba la chakula, ndiyo bukari. Na inavuta bomba la hewa."

"Inaweza kupasuka?" Aliniuliza mimi, yeye aliyejua.

"Inaweza. Hapa hatuna mtu wa kufungua kifua na kuitengeneza. Lubumbashi labda, au wakupeleke mbali zaidi. Na barabara usipite, ni ndege tu."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama zamani kila mwanafunzi alipomaliza kujibu kwenye mtihani wa mdomo. "Hukukata uzi," akasema. Katika miaka yote sikuwahi kupata sifa nyingine kutoka kwake.

Mama Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango tangu mwanzo, sote tulijua. Akatoka. Hakuniuliza mimi, alimwuliza yeye, "Kuna nini?" Nilifungua mdomo, lakini Papa Mwalimu akainua mkono kunizuia. Akamkalisha kwenye kigoda karibu na goti lake, akauchukua mkono wa mkewe, akauweka katikati ya kifua chake, ndani ya shati. Akamweleza mwenyewe, kwa ile hewa iliyobaki, na palipokwama nilimsaidia. Mama alisikiliza huku kiganja chake kikiwa pale pale. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Na unaniacha napika tangawizi," akampiga begani, pigo dogo, halafu akaacha mkono hapo.

Safari ilipangwa haraka, kanisa lilichanga, mtoto wao wa Lubumbashi angewapokea. Asubuhi ya kuondoka nilipita kuwaaga. Mama alikuwa anafungasha mkoba kitandani: mashati mawili, Biblia, koti lililokunjwa vizuri, na juu ya koti, tai. Papa Mwalimu, amekaa ukingoni mwa kitanda na kola wazi, aliuingiza mkono mkobani, akaitoa ile tai, akampa Mama.

"Hii iache," akasema. "Kule ni kuvua tu."